Waya wa spidi kwanza, dashibodi baadaye

Dashibodi ya gari la zamani ikishashushwa, iwe ni kwa kubadilisha nyaya za umeme zilizokauka au kuziba nyufa za jua, kazi ya kuirudisha hukwama mahali pamoja: nyuma ya spidomita. Mkono haupenyi, macho hayaoni, na waya wa spidi (ule unaozunguka ndani ya ganda lake na kwa kawaida kuleta mzunguko wa gia boksi hadi kwenye spidomita) unaonekana mfupi kwa vidole viwili. Fundi anauvuta, anausukuma, anaikandamiza paneli kwa goti, kitu kinalia "tak", skrubu zinafungwa. Kesho yake gari likiwa kwenye 40 mshale unaruka kati ya 20 na 60, na lawama zote zinaenda kwa spidomita.

Mara nyingi waya si mfupi. Umefungwa kwenye gia boksi kabla haujashika kwenye spidomita, kwa hiyo hauna pa kuongezeka. Utaratibu ninaoutetea ni huu: ncha ya chini ibaki huru mpaka ncha ya juu ishike na paneli ikae mahali pake. Ncha ya chini ikiwa huru, unalisukuma ganda lote kuelekea juu kupitia tundu la bati linalotenganisha injini na abiria, unapata sentimita 15 hadi 20 za ziada nyuma ya dashibodi, na unaunga waya huku paneli imelala mapajani mwako. Ukimaliza, ziada ile unaivuta irudi chini. Hii ni kweli kwa Land Rover, kwa Peugeot 504, kwa Datsun na kwa Corolla za miaka ya 1970. Volkswagen Beetle ina mambo yake, kwa sababu waya wake hautoki kwenye gia boksi bali kwenye kitovu cha gurudumu la mbele, nitaigusa baadaye.

Kwa nini mshale unaruka

Spidomita ya waya inafuata wazo ambalo Otto Schulze wa Strasbourg alilipatia hataza mwaka 1902, na magari yaliendelea kulitumia kwa miongo mingi. Waya unazungusha sumaku. Sumaku inazunguka ndani ya kikombe chepesi cha alumini bila kukigusa. Mzunguko huo unazua umeme ndani ya alumini, na umeme huo unakikokota kikombe kifuate upande ule ule. Springi nyembamba kama unywele inakizuia kisizunguke mzima mzima, na mshale umeshikwa kwenye mhimili wa kikombe hicho. Kilomita zinahesabiwa kwa njia nyingine kabisa: gia ndogo zinazoendeshwa na mhimili wa sumaku.

Ukilielewa hilo, utaelewa tabia zote za waya. Waya wa ndani ukikwama kidogo kwenye kona kali, hausimami. Unajisokota kama kamba, unahifadhi nguvu, kisha unafyatuka. Kwa sehemu ya sekunde sumaku inakimbia kuliko gari, halafu inalegea. Mshale unaonyesha yote hayo kwa uaminifu. Spidomita haijaharibika, inakuambia ukweli kuhusu njia ya waya wake.

Na kwa kuwa mshale na kilomita vina njia mbili tofauti, unaweza kujua ugonjwa uko wapi kabla ya kushika bisibisi. Mshale na kilomita vyote vimekufa: waya umekatika, haujashika, au gia ndogo ya chini imelika. Kilomita zinahesabu lakini mshale umelala: waya ni mzima, tatizo liko ndani ya spidomita. Mshale unafanya kazi lakini kilomita zimeganda: gia za ndani ya spidomita, waya tena hauna kosa. Mshale unaonyesha mwendo mkubwa kuliko ukweli, au hauteremki hadi sifuri ukisimama: grisi au oili imepanda ikaingia ndani, ikaunganisha sumaku na kikombe ambavyo havikutakiwa kugusana. Hili la mwisho ni la kusikitisha zaidi, kwa sababu mara nyingi chanzo chake ni fundi aliyepaka grisi nyingi kwa nia njema.

Waya wenyewe, kabla ya kurudishwa

Vuta waya wa ndani utoke kwenye ganda, kwa kawaida kutokea juu. Usafishe kwa mafuta ya taa na tambara, kisha ulaze juu ya sakafu ya saruji iliyonyooka. Shika ncha moja kwa vidole na uisokote taratibu. Waya mzima unazunguka bila kuhama pale ulipo. Waya uliopinda unajirusha, ncha ya pili inapiga sakafu kila mzunguko. Uliopinda haunyooshwi, hata ukiunyoosha kwa plaizi utarudia, kwa sababu nyuzi za chuma zimeshavutika upande mmoja. Badilisha. Pitisha pia kitambaa laini juu ya urefu wote: kikinasa, kuna uzi uliokatika.

Angalia ncha za pembe nne. Kingo zinatakiwa ziwe kali. Zikiwa za mviringo, waya ulikuwa unateleza ndani ya tundu la spidomita, maana yake ganda halikuwa limebana vizuri, na waya mpya nao utalika hivyo hivyo usipotafuta sababu.

Grisi. Huku kwetu Dodoma kiangazi ni kirefu, Mei hadi Novemba, na vumbi linaingia kila penye tundu. Grisi nzito ya bearingi ikichanganyika na vumbi inakuwa tope la kusagia, inakula ganda kwa ndani. Tumia grisi nyepesi ya lithiamu au unga wa grafaiti. Kwa waya wa mita 1.5 hadi 2, nusu kijiko cha chai inatosha kabisa: weka grisi kwenye kitambaa, pitisha waya ndani ya kitambaa, ibaki filamu tu. Ukishaurudisha waya ndani ya ganda, uvute tena nje kama sentimita 20 upande wa spidomita, futa sehemu hiyo ikauke, ndipo urudishe. Mwongozo huo wa sentimita 20 umo hata katika vitabu vya matengenezo vya magari ya Kiingereza yaliyotumia spidomita za Smiths, na ni wa kufuatwa kwenye gari lolote. Grisi ina tabia ya kupanda yenyewe kwa mzunguko wa waya. Nafasi hiyo kavu ndiyo inayoizuia.

Ukikuta sehemu ya juu ya waya ina oili nyembamba yenye harufu ya gia boksi, usifute tu na kuendelea. Sili ndogo ya chini, pale gia ya spidi inapoingia kwenye gia boksi, imechoka, na oili inapanda ndani ya ganda. Sili ni kitu cha bei ndogo. Spidomita ya gari la mwaka 1972 huwezi kuipata kirahisi.

Kama unanunua waya mpya, pima ganda la zamani kutoka nati hadi nati likiwa limenyooshwa, na kama spea zinatafutwa Kariakoo, tuma waya wa zamani wenyewe kwa basi uwe sampuli. Picha ya simu haionyeshi kama ncha ni ya pembe nne au ni bapa, wala saizi ya uzi wa nati. Ukikosa urefu ule ule, ongeza hadi sentimita 10. Mfupi usikubali hata kwa sentimita 3.

Kipimo cha milimita 10

Hapa ndipo watu wengi wanapopita haraka, na ndipo spidomita zinapouawa. Waya wa ndani unatakiwa kuchomoza nje ya ganda kwa kiasi maalumu upande wa spidomita. Kwa Smiths, ambazo utazikuta kwenye Land Rover za zamani, ni inchi 3/8, yaani karibu milimita 10. Ukichomoza milimita 5, waya unashika kwa ncha tu, unateleza na kulika. Ukichomoza 15, unausukuma mhimili wa sumaku kwa nyuma kila wakati; utasikia mlio mwembamba kama wa nyenje, kisha bushi ya spidomita inakatika.

Kwa spidomita ambayo hujui kipimo chake, ingiza kijiti cha kiberiti kwenye tundu la pembe nne mpaka kiguse mwisho, weka alama kwa ukucha pale ganda linapokaa, na upime. Waya uchomoze pungufu ya kipimo hicho kwa milimita 1 au 2, uwe na nafasi ya kupumua. Kagua pia kola au klipu ndogo iliyopo juu ya waya wa ndani. Kazi yake ni kuuzuia usizame wala kupanda, na mara nyingi ndiyo inayodondoka gereji na kufagiliwa na takataka.

Spidomita ikiwa bado mkononi, ijaribu kwa drili. Kata kipande cha waya wa zamani cha sentimita 10, ncha yake nzima iingie kwenye spidomita, upande uliokatwa ubanwe kwenye drili. Spidomita nyingi za Kijapani zimetengenezwa kwa mizunguko 637 kwa kilomita, kwa hiyo mizunguko 637 kwa dakika inatakiwa kusoma 60. Za Kiingereza huandikwa namba chini ya uso, ambayo ni mizunguko kwa maili. Yenye 1,000 ni sawa na mizunguko 621 kwa kilomita. Bonyeza kidogo sana. Drili ya nyumbani ya mizunguko 2,800 ikibonyezwa yote ni sawa na kuipeleka spidomita ya 637 kwenye mwendo wa kilomita 264 kwa saa, na springi yake haitasamehe. Mshale ukisukuma upande wa chini ya sifuri badala ya kupanda, geuza mzunguko wa drili mara moja.

Njia ya waya

Toa kwanza waya wa negativu wa betri. Nyuma ya paneli kuna ncha za umeme zilizo wazi, na nati ya chuma ya waya wa spidi ni kiunganishi kizuri sana cha shoti.

Gari liwe kivulini tangu asubuhi. Plastiki ya miaka 50 iliyopikwa na jua la hapa inapasuka kwa kugeuzwa tu, na klipu za paneli ndizo za kwanza.

Pitisha waya kwenye tundu lake la bati ukiwa na mpira wake. Mpira uliokauka ukitupwa bila mbadala, ukingo wa bati unakata ganda polepole, na vumbi na joto la injini vinaingia ndani ya gari. Kipande cha mpira wa tyubu kilichokatwa vizuri na kupasuliwa upande mmoja kinafaa kuliko kuacha wazi.

Kona zote ziwe pana, zenye nusu kipenyo cha sentimita 15 au zaidi. Ukiweka sahani kubwa yenye upana wa sentimita 30 juu ya kona, waya usiwe umejikunja zaidi ya ukingo wake. Na sentimita 5 za mwisho kabla ya spidomita ziingie zikiwa zimenyooka kabisa. Kona inayoanza papo hapo kwenye nati ndiyo chanzo cha mishale mingi inayoruka chini ya mwendo wa 40, mwendo ambao waya hauna kasi ya kutosha kujituliza. Waya uliozidi urefu usiuzungushe kama kamba ya kisima nyuma ya dashibodi. Ziada iteremke chini, ilale kando ya chesi kwa mkunjo mmoja mpana.

Zungusha usukani mwisho hadi mwisho, kanyaga klachi na breki, sogeza wipa kwa mkono. Hakuna kinachotakiwa kuugusa waya. Mikono ya wipa iliyofichwa juu ya dashibodi inasahaulika sana. Chini, uwe mbali na bomba la ekzosi kwa upana wa kiganja, na ushikwe kwa klipu zisizobana; waya uliofungwa kwa nguvu kwa binding waya umeshatengenezewa kona yake mwenyewe.

Kuunga

Sasa paneli imelala mapajani au kwenye kiti, ganda limesukumwa juu, ncha ya chini inaning'inia huru. Ingiza ncha ya pembe nne kwenye tundu la spidomita. Kama haiingii, usisukume. Hapa ndipo ile faida nyingine ya kuacha chini huru: msaidizi aliye chini ya gari anausokota waya wa ndani kwa vidole, robo mzunguko tu, na pembe zinakutana, utausikia ukizama. Chini kukiwa kumefungwa kwenye gia boksi, huwezi kuuzungusha waya mpaka usukume gari.

Kwa nati ya kuzungusha kwa mkono, izungushe kwanza kinyume, taratibu, mpaka usikie uzi ukidondoka kwenye uzi mwenzake, kisha ndipo ukaze. Shingo ya spidomita ni ya chuma laini cha kumimina. Nati ikianza mshazari inachonga njia mpya na hakuna kurudi. Nguvu ya vidole inatosha. Plaizi isiguse nati hii. Kwa klipu ya plastiki ya kubonyeza, sukuma ukiwa umenyoosha mpaka ilie, halafu livute ganda kwa nguvu ya wastani. Likitoka, jino la klipu limelika, na kulifunga kwa gundi au solotepu ni kujiahidi kushusha dashibodi tena mwezi ujao. Tafuta klipu nyingine.

Waya ukishashika, ndipo ziunganishwe balbu, nyaya za geji na waya wa ethi. Kisha inua paneli kuelekea mahali pake huku msaidizi akivuta ganda chini polepole, kwa mwendo ule ule wa paneli. Paneli ikigoma katika sentimita 2 za mwisho, ganda limejikunja nyuma. Rudisha nje, nyoosha, rudia. Weka skrubu mbili tu kwanza, za pembe zinazokabiliana.

Chini, safisha vumbi kuzunguka tundu la gia boksi kabla ya kulifungua, sokota waya mpaka ushike, kaza. Kwa Beetle, ncha ya chini inapita katikati ya ekseli ya gurudumu na kutokea kwenye tundu la pembe nne la kifuniko cha grisi, ambapo inafungwa kwa klipu ndogo au pini. Kifuniko kilichopigwa nyundo mara nyingi tundu lake limekuwa duara, na waya unazunguka ndani yake bure. Pia gurudumu hilo linapanda na kukata kona, kwa hiyo waya uachwe na ulegevu kidogo karibu na gurudumu; jaribu ukiwa umekata usukani mwisho pande zote mbili.

Kabla ya skrubu za mwisho

Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, weka vizuizi magurudumu ya mbele, gia iwe nyutro, inua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki na stendi. Kabla hujaifunga ncha ya chini ya waya, lizungushe kwa mkono huku msaidizi akihesabu mizunguko ya gia ya spidi ndani ya tundu la gia boksi, ambayo ndiyo mizunguko ya waya. Hesabu yake ni hii: tairi lenye mzingo wa mita 1.9 linazunguka mara 526 kwa kilomita. Spidomita ya 637 inataka mizunguko 1.21 ya waya kwa kila mzunguko wa tairi. Lakini gurudumu moja likiwa chini, difu inalipunguza hilo nusu, kwa hiyo ukizungusha tairi mara 10, waya uzunguke karibu mara 6. Ukipata mara 4 au 8, gia boksi na spidomita havikuumbwa pamoja, jambo la kawaida kwenye gari lililobadilishiwa gia boksi.

Barabarani, chagua kipande kirefu kilichonyooka, kama ukitoka Ihumwa kuelekea Chamwino, palipo na vibao vya kilomita vinavyofuatana. Shika mwendo wa 60 kwenye mshale na mtu mwingine apime muda: kilomita moja ni sekunde 60. Kwenye 80 ni sekunde 45, kwenye 50 ni sekunde 72. Simu yenye GPS inafanya kazi ile ile. Sikiliza pia: mlio unaoongezeka na mwendo kutoka nyuma ya paneli unamaanisha waya unausukuma mhimili, rudi kwenye kipimo cha milimita 10.

Mshale ukiwa umetulia lakini unapishana na ukweli kwa kiwango kile kile kila mwendo, waya umefungwa vizuri. Tazama tairi. Ukiweka la mzingo wa mita 2.1 mahali pa 1.9, mshale ukisoma 50 gari liko kwenye 55, na tochi ya trafiki mjini inasoma gari, haisomi mshale. Marekebisho hapo ni kurudisha saizi ya tairi au kubadilisha gia ndogo ya spidi kwenye gia boksi. Dashibodi iache ilivyo, kaza skrubu zilizobaki.